Mkwe na Chaki ya Meno Manne

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa kukereza vyuma, mimi pia ni fundi wa kukereza vyuma, na kwa miaka yote tuliyotumia mashine moja sikuwahi kumtazama usoni. Asiye wa kwetu atadhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Kwa Wanyakyusa wa zamani, na kwa wakaidi wachache wa leo, mke wa mwana humwogopa mkwe wake: hamsogelei, hamsemeshi, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Familia nyingi za Kyela zimeshaachana na mambo haya, mkwe na mkwe wanakula meza moja na kutaniana. Mimi niliolewa kwa wasioyaacha.

Karakana yetu ilikuwa banda la mabati kwenye njia ya kwenda Itungi. Tulichonga shafti za boti, puli za mashine za kukobolea mpunga, na vipuri vya malori yanayovuka mpaka wa Kasumulu. Mashine ilikuwa kubwa, mtu mzima angeweza kulala juu yake akanyoosha miguu. Mkwe alifanya kazi asubuhi, mimi mchana. Akimaliza, aligonga chuma kwa nyundo na kutokea mlango wa mbele. Nami niliingia kwa mlango wa nyuma, nikakuta nyuzi za chuma alichochonga bado zina moto.

Tuliongea vipi, basi? Kwa chaki. Sisemi ile ya kuandikia ubaoni. Chaki ya mashine ni bamba zito la chuma, la mviringo, lenye meno yanayokibana kile unachokichonga ili kisichomoke wakati kinazunguka. Tulikuwa nazo mbili. Ya kwanza ina meno matatu yanayosogea pamoja; unakaza mara moja, shafti inakaa katikati yenyewe. Ya pili ina meno manne, na kila moja linakwenda kivyake kama watoto wa mke mwenza. Utahangaika kuisawazisha, lakini itabana kitu kilichopinda, chenye pembe, hata kipande cha ovyo kilichotoka kalibuni. Hii ya pili huinyanyui kwa mikono. Unaivuta kwa mnyororo wa kapi uliofungwa kwenye mwamba wa paa, na chini yake unatandika ubao ili ikiponyoka isivunje mashine.

Mimi nilipenda meno matatu, yeye meno manne. Akiona kazi yangu inataka ile yake, aliifunga kabisa kabla hajaondoka. Nilisonya, nikafanya kazi, na mara nyingi nikakuta alikuwa sahihi. Siku ambazo hakuwa sahihi niliishusha, nikafunga yangu na kumwachia hapo hapo aikute. Kesho yake mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mdomo wetu, aliniambia, "Tata amecheka leo," yaani baba yake. Nilifurahi kuliko ninavyopenda kukubali.

Sasa niseme habari ya mawese. Kyela mvua haina adabu, na chuma kikilala bila mafuta kinaamka na kutu. Mafundi wengine hupaka grisi. Mkwe alipaka mawese, maana mawese yapo kila nyumba na yeye aliyaamini kama wengine wanavyoamini dawa. Wakati wa joto hayana neno. Asubuhi za baridi, mwezi wa sita na wa saba, yanaganda. Na mgongo wa chaki, pale inapokaa kwenye mashine, lazima uwe mkavu, chuma kikutane na chuma. Ukiacha utando wa mawese yaliyoganda utakaza, utasikia imeshika vizuri, kumbe imeshika mafuta. Mashine ikipata joto yanayeyuka, na chaki inabaki inacheza.

Yeye alilijua hilo kabla yangu. Kila mara aliufuta ule mgongo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Lakini macho yake yalianza kuchoka, nami nikaanza kukuta utando pembeni, mahali ambapo kitambaa hakikufika. Nilimwambia mume wangu, "Mwambie baba aachane na mawese. Au chaki kubwa aniachie niifunge mimi." Akaitikia. Nikamwambia tena, safari hii kwa ukali. Akaitikia tena. Maneno yangu yalitoka kwangu yakiwa moto, yakifika kwa baba yake yalikuwa uji uliopoa. Baadaye sana mume wangu alisema kwamba alichomwambia baba yake, kwa ule wingi wa heshima tunaowasemeshea wakubwa, ni hiki tu: "Mkwe wenu anawasalimu." Aliona aibu mwanamke amfundishe tata kazi yake.

Asubuhi moja ya baridi mume wangu alikuwa amekwenda Kasumulu kufuata bearingi. Mimi nilikaa nyuma ya banda, napeta mchele nikisubiri zamu yangu. Kwa mlio wa mnyororo nilijua mkwe anapandisha chaki ya meno manne. Alikuwa na puli kubwa ya mashine ya mpunga, nzito, na chaguo lile lilikuwa sahihi kabisa. Hata mimi ningechagua hivyo. Mashine ikanguruma, kisu kikaanza kukwaruza. Baada ya muda nikasikia, ko, ko, ko, kwa mbali, kisha kwa karibu. Ungo ukaniponyoka.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Swichi kuu ipo pale pale mlangoni, nikaishusha, lakini mashine nzito haisimami papo hapo kwa sababu tu umeizima. Nikapiga kelele, "Baba, simameni hapo hapo! Msisogee!" Alipokuwa amesimama palikuwa salama. Sijui alisikia nini katika kelele ile. Nadhani alisikia sauti ya mkwe wake tu. Akafanya alichofanya miaka yote: akageuza uso, akainua mkono kujikinga nisimwone, akanipisha. Alinipisha kwa kwenda upande wa ukutani, mbele ya chaki.

Ikatoka pamoja na puli yake, ikaruka ule ubao, ikambana kwenye ukuta.

Niliuvuta ule mnyororo nikiwa nalia na kutukana, namtukana mume wangu, nayatukana mawese. Chuma kilinyanyuka, lakini kifua kilikuwa kimeshavunjika. Alilala chali, mkono bado uko usoni. Kisha akasema, polepole, kama anaongea na watu waliojaa mle ndani, "Mwambieni mkwe wangu atoke."

Hapakuwa na mtu wa kuniambia.

Nikapiga magoti, nikageukia ukutani, nikajibu hivyo hivyo, "Mwambieni baba kwamba sitoki." Nikamshika mkono mwingine. Hakuuvuta. Majirani walipoingia, mkono ule ulikuwa umelegea, na mimi ndiye niliyemfumba macho. Ndipo nilipomwona uso. Mashavu yake yalikuwa na madoa madogo ya kuungua, yale yanayoachwa na chembe za chuma cha moto. Mimi ninayo pia.

Matangani watu walikuja kutoka Ndandalo mpaka ng'ambo ya mto Songwe. "Ndaga, ndaga," waliniambia kunipa pole, kisha wakaenda kukaa mbali nami. Wazee wa ukoo walikwisha kutoa hukumu yao: mke wa mwana ameingia alipo mkwe, mwiko umeua. Mume wangu aliinama tu. Niliwaambia ni mawese, niliwaeleza mgongo wa chaki unavyotakiwa kufutwa, wakanitazama kama mlevi. Nilikasirika, na hasira ile haijatoka.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba hukumu yao ina chembe ya ukweli. Nisingeingia, chaki ingeanguka peke yake na mzee angebaki amesimama palepale, anasonya. Hilo nalikubali, nalo ninalala nalo. Ila na wao wakubali la kwangu. Wakati napiga kelele, mkono wangu wote ulikuwa umenyooka, unamwonyesha pa kusimama. Angenitazama mara moja tu, angeuona.