Mtamba Aliyezaliwa Pamoja na Kaka Yake

Alhamisi, tarehe 11 Julai. Ukungu ulishuka alfajiri na mlima haukuonekana siku nzima. Manyunyu tu, si mvua ya mtu kusema imenyesha, ila nguo nilizofua juzi bado ziko kambani mbichi.

Asubuhi bwana mifugo ameleta karatasi ya majibu ya damu. Naandika jambo lote tangu mwanzo kadiri ninavyokumbuka, kwa sababu limeshasemwa na watu wengi na kila mmoja ana namna yake. Hii nayo ni namna yangu tu. Mimi niliishia darasa la saba, na habari za vinasaba nimeelezwa nikiwa nimesimama kwenye samadi. Nikikosea mahali, kosa ni la sikio langu, si la aliyenieleza.

Kikundi chetu cha akina mama wa usharika kina utaratibu wa ng'ombe. Unapewa mtamba, unamtunza mpaka anazaa, na ndama jike wa kwanza unamkabidhi mama anayefuata kwenye orodha. Ukishamkabidhi, ng'ombe ni wako. Aliyepokea naye atafanya vivyo hivyo kwa anayemfuata. Mimi nilikuwa wa nne. Wa tano alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, ambaye mume wake hubeba mizigo ya wageni mlimani na nusu ya mwaka hayuko nyumbani. Wana watoto wanne. Alikuwa akimtuma mmoja wao kwangu na kikombe kuomba maziwa ya chai, na kikombe kile kilikuwa kidogo kuliko nilivyokuwa tayari kutoa. Alijenga banda kabla ng'ombe wangu hajapata hata mimba. Wenzake wakawa wanamtania: "Mama, kivuli unachofuga kinakula majani gani?"

Ng'ombe wangu akazaa mapacha. Dume alitangulia, jike akafuata. Mama mkwe alikuwepo, amekalia ndoo iliyogeuzwa, amejifunga kanga mbili kwa baridi. Alipomwona yule wa pili alisema kwa Kichagga maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Huyo wa kike msimhesabu. Amekaa tumbo moja na kaka yake."

Nilidhani anasema mambo ya zamani. Nimekua nikisikia kwamba kale, mapacha walipozaliwa, watu waliingiwa na hofu, na kanisani tulifundishwa kuachana na hofu hizo. Nikamjibu, "Mama, hayo yalishapita." Yeye si mtu wa kusema jambo mara mbili.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninapolikumbuka. Sikumwelewa kweli? Au nilielewa kidogo nikaona afadhali nisielewe? Maana jike kupatikana kulimaanisha ng'ombe ni wangu kuanzia siku ya kumkabidhi. Furaha hiyo nilikuwa nayo, siwezi kuikana. Nimejiuliza mara nyingi na sipati jibu linalosimama.

Ndama aliachishwa maziwa, akavishwa shada la maua, mchungaji akaomba, jirani yangu akalia. Yule dume mume wangu alimkuza kidogo, kisha akampeleka mnadani Tarakea, na huko nafikiri aliliwa.

Jirani alimtunza yule mtamba kuliko nilivyomtunza mama yake. Alishuka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani. Migomba alikatakata vipande vidogo kama vya kumpikia mtu. Ndama akakua kwa namna iliyowafanya watu wasimame njiani kumtazama: kifua kipana, shingo nene, mabega ya kulima. Tulimsifu wote. Sasa naelewa kwamba tulikuwa tunasifu ugonjwa wenyewe.

Umri wa kupandwa ukafika, mtamba hakuingia joto. Ukapita. Bwana mifugo wa zamani, ambaye sasa amestaafu, alikuja mara tatu na kusema subirini. Ndipo maneno yakaanza. Wengine walisema ni mbegu za mrija ambazo mama yake alipandishiwa, kwamba ng'ombe aliyetoka kwenye chupa hawezi kuzaa kitu. Wengine walisema jirani hampi pumba. Wengine, na hili nililisikia kwa watu wawili wasiopatana, kwa hiyo lazima lilisemwa, walisema mimi nilichagua ndama wa kutoa.

Jirani mwenyewe hakusema pembeni. Alinisubiri mferejini tukichota maji akaniuliza, "Mwenzangu, ulijua?"

Nikasema hapana. Nilisema haraka mno, na tangu hapo tukawa tunasalimiana lakini hatusimami. Kikombe hakikuja tena.

Hofu yake haikuwa maziwa peke yake. Kulingana na kanuni alikuwa ameshapokea, kwa hiyo alidaiwa ndama jike na mama wa sita kwenye orodha. Angemtoa wapi? Mama wa sita naye alikuwa ameanza kuuliza kanisani, kwa upole, lakini kila Jumapili.

Mwezi uliopita alikuja bwana mifugo mpya, kijana anayeishi Shirimatunda na kupanda huku kwa pikipiki. Jirani aliniita nishuhudie, nikaenda na mama mkwe. Kijana alimwamkia bibi shikamoo, akamzunguka mtamba mara moja, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Huyu alizaliwa peke yake?"

"Na dume," nikasema.

Akachukua damu, na nywele chache za mkia na mizizi yake, akavitia kwenye vyombo tofauti. Akatueleza. Nayaandika kwa maneno yangu.

Mwili wa ng'ombe, kama wetu, umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe kuna nyuzi, na kwenye nyuzi hizo kuna maelekezo ya mwili mzima: rangi, pembe, wingi wa maziwa. Hiyo ndiyo DNA. Nusu ya nyuzi inatoka kwa mama, nusu kwa baba. Jozi moja kati ya hizo ndiyo inayopanga kama ni jike au dume. Jike ana X mbili. Dume ana X moja na Y moja. Mama hana cha kutoa ila X. Baba ndiye anayeweza kutoa X au Y.

Jirani akamkatiza. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo sisi tunaosemwa tukizaa wasichana watupu?"

"Mmeonewa, mama."

"Andika," akaniambia, akijua kwamba huwa naandika. "Andika na jina la kijiji."

Tulicheka wote watatu, na bibi alipotafsiriwa akacheka baada yetu. Ilikuwa mara ya kwanza mimi na jirani kucheka pamoja tangu siku ile ya mferejini.

Kijana akaendelea. Mapacha hawa walitoka kwenye mayai mawili, kila mmoja na nyuzi zake. Huyu ni jike tangu pembe hadi kwato. Lakini kwa ng'ombe, kondo za nyuma za mapacha mara nyingi huungana, na mishipa ya damu inakutana. Damu ya kaka ikawa inapita kwa dada na ya dada kwa kaka. Dume huanza mapema kutengeneza homoni za kiume, zikamfikia dada kabla viungo vyake vya uzazi havijakamilika. Vikaishia njiani. Na baadhi ya chembe za damu za kaka zilihamia kwake zikaendelea kuzaana humo. Kwa hiyo, alisema, nywele zitaonyesha jike mtupu, na damu itaonyesha wawili.

"Ni mbegu za mrija?" nikauliza. Niliuliza kwa sababu lilisemwa sana, na kuwa mkweli, kwa sababu ningependa iwe hivyo.

Akasema hapana, hata dume wa kijijini angeweza kupata mapacha wa namna hii. Si majike wote wa namna hiyo huwa tasa, ila wengi wao, ndiyo maana anapima. Kisha akasema, bila kumlenga mtu, "Wazee wanaofuga wanalijua hili siku nyingi. Hamkuwa na mzee nyumbani?"

Mama mkwe haelewi Kiswahili cha haraka. Hakuinua kichwa. Mimi nilitazama mkia wa ng'ombe.

Karatasi ya leo inasema alivyosema. Nywele, X peke yake. Damu, za jike na za dume zimechanganyika. Nimeisoma mara tatu. Yule kaka ameshaliwa Tarakea siku nyingi na chembe zake bado zinatembea ng'ambo ya mfereji. Sijui nifikiri nini kuhusu hilo, kwa hiyo naliacha.

Mchana nilizungumza na mume wangu. Ng'ombe wetu alizaa tena Desemba, jike, peke yake, na huyo kwa kanuni ni wetu. Nilisema nataka kumpa jirani. Akasema ng'ombe mkubwa ameanza kuzeeka na huyu mdogo ndiye kesho yetu. Alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Kanuni imekukinga, wewe unatoka nje unyeshewe." Nilisema tu kwamba niliambiwa siku ile bandani na sikumwambia mtu. Akaenda kukata majani.

Saa tisa kikundi kilikutana. Mwenyekiti alisoma karatasi, akasoma na kanuni. Kanuni inasema ndama jike wa kwanza, basi. Haisemi lazima azae. Kwa hiyo mimi nimeshakabidhi. Jirani naye hana kosa, asidaiwe, ila jina lake lirudi mwisho wa orodha. Wa mwisho sasa ni wa ishirini na mbili. Hakuna aliyesema ni vibaya, na kwa kweli mwenyekiti alisoma bila upendeleo. Jirani alitazama mikono yake.

Nilisimama nikaeleza maneno ya mama mkwe kama yalivyokuwa, na jibu nililompa. Mama mmoja akasema kwa huruma, "Lakini hukujua."

"Niliambiwa," nikasema. "Kama nilijua au sikujua, mimi mwenyewe siwezi kuapa." Kisha nikasema nitatoa huyu wa Desemba. Mwenyekiti akaandika. Mama wa sita alikuwa wa kwanza kupiga makofi, jambo ambalo halikumshangaza mtu.

Likabaki la isale. Kwetu mtu aliyekosa akija na jani la isale mkononi kuomba msamaha, halikataliwi. Nililifikiria njia yote ya kurudi, nikaamua kutolibeba. Niliona nikienda nalo nitamlazimisha kunisamehe kabla hajapata nafasi ya kukasirika, na nafasi hiyo alistahili kuwa nayo. Nilijiona nimepima vizuri.

Saa kumi na moja nikamvusha ndama mfereji kwa kamba. Jirani alikuwa bandani. Alimkagua ndama mdomo, macho, kwato, akainua mkia.

"Huyu alitoka na nani?"

"Peke yake. Muulize bibi."

Akamfunga. Akasimama akiniangalia mikono.

"Ng'ombe umeleta," akasema. "Isale hukuleta."

Nikamweleza hesabu yangu yote, kwamba sikutaka kumfunga mdomo. Nilieleza kwa kirefu mno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka miwili nimebeba majani kichwani," akasema. "Hasira nilishamaliza huko tambarare. Wewe unaniletea ruhusa ya kukasirika leo?"

Akanyoosha kidole ng'ambo ya mfereji.

"Lipo hapo mpakani, upande wenu. Mimi sitakukatia."

Nikarudi mpakani, nikakata jani moja kwa mkono kwa sababu sikuwa na panga, likachanika pembeni. Nilisimama mbele yake nikampa kwa mikono miwili, nikasema kosa langu kwa Kichagga, kwa sababu kwa Kiswahili lilikuwa linatoka kama taarifa ya mkutano. Akalipokea.

"Aika," akasema, kama anayeshukuru kwa chumvi. Akalichomeka kwenye paa la banda.

Nilimuuliza kuhusu yule mtamba mkubwa. Nilisema ni wake, amemlisha yeye. Akasema anajua ni wake, atamnenepesha mpaka Krismasi watu wakirudi nyumbani, na mimi nisitegemee kuletewa paja. Nikasema sitegemei. Akasema labda shingo.

Mume wangu alikuwa amepika aliposikia nimechelewa. Tulikula kiburu, ndizi zimeungua kidogo chini, maharage yameiva sawasawa, na maziwa ya mgando. Mama mkwe aliandaliwa kwanza. Mume wangu hakutaja ndama, lakini alijiongezea chakula mara mbili, na mimi nilikula ndizi zilizoungua.