Kungoja Neno "Balifika"

Watu hudhani kungoja si kazi. Wangemwona jirani yangu Émilienne, pale mjini Baraka wakati wa vita, wangefunga midomo. Yeye ndiye aliyeketi mbele ya phonie ya dispensari yetu, redio ya kuzungumza na walio mbali, na kazi yake kubwa ilikuwa kungoja neno moja.

Dawa za Kilembwe, kule milimani, zilipandishwa kwa miguu, migongoni mwa watu, nao waligawanywa makundi mawili ili wakikamatwa wasikamatwe wote. Kundi la kwanza likishaondoka, la pili lilifunga mizigo na kukaa. Isidore, muuguzi wa Kilembwe, akisema "balifika", yaani wamefika, ndipo la pili liondoke. Asiposema, hakuna kunyanyua mguu. Kuondoka si kufika, Émilienne alituambia, na hata daktari akimhimiza, yeye alimjibu "Bado".

Mwaka kipindupindu kilipoingia Kilembwe, kundi la pili lilikuwa na Norbert, mume wake. Alikaa juu ya mzigo wa serumu, maji ya dripu, tangu asubuhi, akimchokoza mkewe dirishani.

— Mama Pulchérie, ile mashini yako iko nalala?

— Iko nangoya. Na we ngoya.

Alasiri phonie ikakoroma. Betri ya Isidore ilikuwa inakufa, sauti ikipanda na kuzama. Neno moja tu likapita: "Baliisha." Émilienne akaita, akaita tena. Betri ilikuwa imekufa.

Kwetu neno hilo lina milango miwili. Baliisha safari, yaani walifika. Baliisha, yaani walikufa wote. Émilienne alisita, nilimwona, nilikuwa natwanga majani ya sombe kando ya ukuta. Lakini Kilembwe watoto walikuwa wanakufa, na Norbert alikwisha kujitwika mzigo.

— Balisema nini? akauliza.

— Baliisha safari. Muende.

Neno "safari" aliliongeza yeye.

Hakuna aliyerudi. Baadaye Isidore alikuja akatueleza kwamba kundi la kwanza liliuawa njiani, naye kwa neno lile alikuwa anatuzuia. Mimi nasema vita ndiyo iliyoua, si Émilienne, na anayebisha aje kwangu. Mwenyewe hakutusikia. Aliiacha phonie, akaliacha na neno lile. Unga ukiisha alisema mfuko uko wazi. Misa ikiisha alisema watu wametoka. Kumsikia akilizunguka neno hivyo kuliniuma kuliko kilio.

Siku redio ilipotangaza amani, watu walijaa barabarani wakiimba. Pulchérie, binti yake, alirudi mbio nyumbani.

— Mama, vita iliisha.

Émilienne alikuwa anapanga kuni. Hakuinua uso.

— Iliisha namna gani? Rudia kule, ubaulize muzuri.

Pulchérie akarudi barabarani, akawauliza waliokuwa wakiimba vita iliisha namna gani.