Mashavu ya Marehemu

Kazini walimwita Duara, na jina hilo alilipata kwa ubishi. Alikuwa mchoraji wa kituo cha televisheni: majina ya wasomaji habari, ramani za mvua, matangazo ya vifo. Mitambo yao ilikuwa ya kizamani na ilikuwa na kisirani chake. Vidoti vya picha, zile pikseli, kwenye kompyuta ni vya mraba. Vya kituo vilikuwa vimetanuka ubavuni. Ukichora duara safi mezani, hewani linatoka yai lililolala. Basi Duara alichora kila kitu kikiwa chembamba makusudi, kimebanwa mbavu, televisheni ikakitanua mpaka kikakaa sawa.

Msomaji habari mkuu alipita siku moja nyuma ya meza yake, akajiona amekonda kwenye kompyuta, akanuna wiki nzima. Meneja naye, ambaye kitambi chake kilitangulia kuingia kila chumba, alimbembeleza ampunguze kidogo.

"Bosi, mimi nasawazisha vidoti, sipunguzi watu," Duara alimjibu. "Hiyo kamuone daktari."

Wakasema ana kiburi. Alikuwa nacho kweli, tena cha kumgawia na jirani.

Kisha baba yake akafa. Maradhi yalimla polepole mpaka ikabaki mifupa na utani. Mzee aliikimbia kamera maisha yake yote, kwa hiyo picha ya maana ya kuweka kwenye tangazo la kifo ilikuwa moja tu, aliyoipiga Duara mwenyewe hospitalini: mzee anacheka, mashavu yameingia ndani.

"Hii haiendi," mama alisema alipoiona.

"Ndiyo iliyopo, mama."

"Na shangazi yako je? Tangu niolewe anasema nampikia kaka yake maji. Akimwona hivi mbele ya watu, atasema nimemuua kwa njaa. Mnenepeshe."

Shangazi hakuwa wa kuchezea. Ulimi wake ungeweza kumenya viazi. Wakati wote wa ugonjwa mama ndiye aliyemwogesha mumewe, akamgeuza, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Shangazi alikuja mara moja tu, akafunua sufuria, akaguna, akaondoka. Guno lile Duara hajalisahau mpaka leo.

Akarudi kazini, akafungua picha. Hakuhitaji kuchora shavu hata moja. Alichotakiwa ni kuacha tu kufanya kazi yake: aipeleke picha ilivyo, bila kuibana, mitambo imnenepeshe mzee yenyewe. Kosa hilo alikuwa amewatukania wenzake miaka nenda miaka rudi. Aliona aibu kana kwamba anaiba. Akajitukana kimoyomoyo, akaituma.

Jioni sebule ilijaa wafiwa. Tangazo likatoka, na baba akatoka nalo, uso mpana, umeshiba, shingo ya mtu mwenye mabasi. Shangazi akaangua kilio.

"Huyo ndiye kaka yangu," alisema, akijifuta kwa pindo la nguo. "Wifi, kumbe ulimtunza. Nisamehe maneno yangu."

Watu wakaitikia. Duara akavimba kichwa, akageuka amtazame mama. Mama hakuwepo. Alimkuta jikoni, amesimama mbele ya bomba lililofungwa.

"Mama, umesikia? Shangazi ameomba msamaha."

"Nimesikia." Akamgeukia. "Yule mnene ni nani?"

"Si baba? Si ulisema mwenyewe..."

"Nilisema. Nimemtafuta pale, sikumwona. Mume wangu nimembeba kwa mikono hii, namjua mfupa kwa mfupa. Wote mle ndani wanamlilia mtu mwingine." Sauti ikamkatika, ikarudi. "Tangazo linarudiwa?"

"Asubuhi."

"Mweke alivyo."

"Na shangazi akianza tena?"

"Shangazi yako abaki na wake," mama alisema. "Mimi nirudishie wangu."