Mdakaji wa Mafubira

Koplo Gorreti Namono alikuwa na mwili wa kusimama. Kazi ya askari magereza ilimfundisha kusimama getini jua likiwaka, kusimama paredi, kusimama mlangoni mwa seli akihesabu vichwa, na mguu usitikisike. Kambini Jinja walimsifu kwa hilo. Kanisani likamponza.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, huko Mafubira, kando ya Jinja, na ibada ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu nusu ya waumini walikuwa askari na wake za askari, waliotoka kila kona. Gorreti hakwenda huko kwa kufuata mkumbo. Siku moja gerezani, mtoto wa mfungwa alifikisha umri wa kutengwa na mama yake. Gorreti ndiye aliyembeba hadi getini akamkabidhi kwa bibi yake, na mama huku ndani anapiga mayowe hadi sauti inakatika. Kisha Gorreti akaenda kula. Alimaliza ugali wa posho na maharage, akaramba vidole, na hapo ndipo alipogutuka: hakuna kilichomuuma. Hata kidogo. Akaingiwa na hofu, kama mtu anayejifinya asisikie kitu. Akajiambia, moyo huu asipoushika Mungu mwenyewe, basi nimekwisha.

Mafubira watu walishikwa, tena waziwazi. Mchungaji Jimmy alipita akiwawekea mikono, nao wakaanguka chali mmoja baada ya mwingine, wakalia, wakacheka, wakainuka na nyuso mpya. Gorreti alijipanga kila Jumapili. Mchungaji akaomba, akakemea, jasho likamtoka. Gorreti amesimama wima, macho mbele, mikono ubavuni.

"Afande, legea," mchungaji alimnong'oneza.

"Nimelegea, pasta."

"Wapi! We uko paredi."

Mwishowe mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa kuacha nguvu ipotee bure, akamweka kwa wadakaji. Hao ndio wanaosimama nyuma ya wanaoombewa ili wasipasue visogo kwenye sementi, na mwanamke akianguka wanamfunika leso miguuni. Gorreti aliifanya kazi hiyo vizuri mno. Alidaka wake za mainspekta, alidaka wauza samaki, na Nabirye, jirani yake wa Mpumudde, aliyejaa kama gunia la mahindi, alimdaka bila kuyumba. "Ulisikia nini?" alimuuliza kila aliyeinuka. Moto, walisema. Maji ya baridi. Nabirye alisema amesikia jina lake likiitwa, na kweli tangu siku ile aliacha kumtukana mumewe. Gorreti alimwonea wivu hadi chakula kikamkinai.

Alipopata likizo akaenda kwao Wanale, pale Mbale. Wiki hiyo palikuwa na mkutano mkubwa wa maombi uwanjani, maturubai, spika, mhubiri mgeni. Gorreti alifurahi sana: hakuna anayemjua, hakuna atakayempa kazi. Akavaa gauni la maua, akajifunga kitenge kiunoni, akavua viatu, akaingia mstarini. Akalegeza mabega. Akalegeza magoti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. Mhubiri alikuja taratibu, na kila mtu alipoanguka Gorreti alihesabu waliobaki. Alipobaki mmoja tu kabla yake, akafumba macho.

Huyo mmoja, mwanamke aliyekuwa kushoto kwake, akaguna; Gorreti akafumbua macho akamwona anakwenda chini, na nyuma yake hapakuwa na mdakaji. Mikono ya Gorreti haikuomba ruhusa. Alichomoka, akapiga goti, akamdaka kabla kisogo hakijafika chini. Alipoinua macho, mhubiri alikuwa ameshairuka nafasi yake tupu, anamwekea mkono mtu mwingine.

"Ah, Mungu!" Gorreti alisema, wala haikuwa sala. Nusura akiachie kile kichwa kidondoke. Badala yake akafungua kitenge, akamfunika yule mwanamke miguu.

"Toa," mwanamke akasema, macho bado ameyafumba. "Jua iko kali."

Aliitwa Chelangat, muuza nyanya wa Kapchorwa, na kama Wasabiny wengi wa huko, Kiswahili kilimtoka haraka.

"Mama, ulisikia nini?" Gorreti aliuliza kwa mazoea.

"Njaa. Mi nafunga tangu jana."

"Si Roho?"

"Roho gani? Hii mkutano mi nakuja kila mwaka, tangu msichana. Wananiwekea mkono, sisikii kitu."

Gorreti akamtazama. Alidhani yuko peke yake duniani. Akataka kucheka, akataka pia kumzaba kofi.

"Sasa unarudi ya nini?"

Chelangat akafumbua macho, akamkazia kama mteja aliyeuliza bei mara mbili.

"Si mi nampenda? Kama hanigusi, nimwache? Kwani we humpendi?"

Gorreti akafungua kinywa aseme ndiyo. Ni jibu ambalo kila mtoto aliyekalia benchi la kanisa analijua. Halikutoka. Miaka yote alikuwa akidai: niguse, nishike, nifanyie. Kama anampenda huyo anayemdai, hakuwahi kujiuliza hata siku moja.

"Sijui," alisema.

"Basi mwambie," Chelangat akajibu, na tayari alikuwa ameinuka anatafuta ndala zake.

Gorreti alibaki amepiga goti kwenye vumbi, spika zikiunguruma, watu wakianguka kulia na kushoto. Hakuinua mikono. Alisema kwa Kigisu cha kwao, maana Kiswahili cha kambini alikizoea kwa amri na kuitikia tu. "Mungu, sijui kama nakupenda. Nilikuwa naogopa tu kubaki hivi nilivyo."

Halikuja jibu. Lakini uso wote ukamwaka kwa aibu, aibu ya mtu anayejua kwamba aliyemwambia amesikia.