Maandishi ya Sura ya Nne

Shangazi yangu alitengeneza diski za harusi kwa miaka kumi na moja, na mtaa mzima ukamwita Mama Diski. Mimi nilishika kamera, yeye alikaa na kompyuta. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, chembamba kama korido. Televisheni yenye kisogo kikubwa ilikaa juu ya kabati, na makopo ya diski tupu yalifunikwa kanga kuukuu yasiingie vumbi.

Maneno ya kazi yetu yalituletea vituko. Bibi mmoja aliambiwa arudi Alhamisi, "kwa sababu leo naichoma." Akashika kichwa.

"Uichome? Harusi ya mwanangu? Nimekukosea nini?"

Shangazi alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akamkalisha na kumweleza. Kuchoma ni kuandika picha na sauti kwenye diski kwa mwanga mkali. Kuifunga ni kuimaliza, ili ikubali kwenye mashine ya mtu yeyote. Sura ni vipande, ili ukichoka na hotuba uruke moja kwa moja kwenye keki. Na ule ukurasa wa kwanza wenye vitufe ndio menyu.

"Menyu gani haina hata chai!" fundi cherehani alidakia kutoka upande wa pili, kama kawaida yake.

Siku moja aliingia seremala ambaye tulimtengenezea harusi ya binti yake. Kelele za mashine ya kupasulia mbao zilikuwa zimemla masikio yote mawili, kwa hiyo alizungumza kwa sauti ya juu, nasi tukamjibu kwa karatasi.

"Picha safi," alisema. "Lakini naona watu wanafungua midomo tu. Binti yangu alishika kipaza sauti akanitazama mimi. Alisema nini?"

Shangazi aliandika: *Niachie diski. Njoo wiki ijayo.*

Hatukuwa tumewahi kuweka maandishi ya maneno chini ya picha hata mara moja. Shangazi alivaa vipokea sauti masikioni akaanza: anasikiliza sentensi, anairudisha, anaiandika, anapima sekunde inapoanza na inapoisha. Siku ya tatu alifika sura ya nne, akavivua, akanipa nisikilize.

Harusini nilikuwa nimehangaika na taa, sikusikia neno. Sasa nikamsikia bibi harusi:

"Baba, nasema haya kwa sababu najua hunisikii. Ulinisuka nywele kila asubuhi tangu mama alipofariki, na mikono yako ilikuwa na vumbi la mbao. Darasani nilinukia mbao. Walinicheka, nikakuonea aibu. Nikawa nakuambia uishie kwenye kona, usifike getini. Nisamehe."

"Tuandike?" nikauliza.

"Haya hakumwambia baba yake," Shangazi akasema. "Ameyasema mbele yake tu. Ni tofauti."

Akampigia simu binti. Akamsomea maneno yake, akamuuliza kama tuyaandike. Kisha sauti ikaja, nyembamba: "Andika yote, mama. Usipunguze."

Seremala alikuja Jumatatu asubuhi. Shangazi alimwonyesha kitufe cha kuwasha maandishi, tukasimama nyuma yake. Sura ya kwanza alitabasamu. Ya pili alimcheka mjomba aliyesahau jina la bwana harusi. Ilipofika ya nne akasogeza kiti karibu na kioo. Akasoma. Akarudisha. Akasoma tena, midomo ikienda polepole.

Halafu akainua kiganja chake, akakinusa.

"Kumbe ndiyo maana ya ile kona!" akasema, mtaa mzima ukasikia. "Mimi nilidhani ameshakuwa mkubwa, hataki kushikwa mkono." Akacheka, machozi yakimtiririka, hata hakujali kuyafuta. Alipotoka hakwenda karakana. Alielekea kituo cha basi, kwa binti yake, diski ikiwa ndani ya shati.

Baada ya hapo tuliweka maandishi kwenye kila harusi iliyokuwa na mgeni asiyesikia. Kisha simu zikameza kila kitu. Watu wakaanza kusema, "Nirushie tu," na mashine za diski zikabaki za kutandikwa vitambaa juu. Tulifunga chumba mchana mmoja, mimi na Shangazi na fundi cherehani, bila hotuba.

Sasa Shangazi anaishi kwangu. Juzi nilimuuliza anakumbuka nini zaidi. Nilitegemea ataje wateja.

"Trei ikifunguka," akasema. "Diski ilitoka na joto, unajua? Unaishika pembeni, kwa vidole viwili, na bado ina joto. Video ya kwenye simu haina joto hata kidogo."