Mkanda wa Nguzo

Mpaka leo nikisikia mtu anamwambia bwana harusi, "Umenawiri, ndoa imekukubali," nakasirika. Mimi niliambiwa hivyo na mtaa mzima pale Mbeya, na kidogo niondolewe kwenye kazi niliyoipenda.

Nilikuwa fundi wa simu. Miaka ile ya sabini, lami ya barabara kuu ikiwa bado ngeni, kazi yetu ilikuwa kupanda nguzo kutoka Mbeya mjini mpaka Igawa. Unavaa viatu vyenye meno ya chuma, unajifunga kiunoni mkanda mnene wa ngozi, kamba yake inazunguka nguzo, unapanda. Ukiteleza, mkanda ndio unaokushika. Nilipooa binti wa Iringa mkanda ule ulinitosha na kubaki. Mwaka haujaisha, hata tundu la mwisho likanishinda.

Mke wangu alikuwa anapika, jamani! Ndizi kwa nyama, wali wa mchele wa Chimala, maharage ya kuunga kwa samli. Halafu anakaa hapo hapo anakutazama mpaka sahani iwe nyeupe. Majirani wakimwambia, "Mwenzetu, mume unamtunza," siku hiyo anaimba mpaka jioni. Ningeanzaje kumwambia kwamba kitambi anachojivunia ndicho kinachoniharibia kazi? Nikaona aibu, nikanyamaza.

Msimamizi wangu hakuwa na aibu yoyote. Aliuvuta ule mkanda mbele ya wenzangu, ukagoma, akasema, "Kupe mkubwa wewe! Mwisho wa mwezi usipofunga, utakwenda kulinda stoo." Wenzangu wakacheka mpaka machozi. Kuitwa kupe enzi zile halikuwa jambo dogo. Kupe ni mnyonyaji, mtu anayenenepa kwa jasho la wengine. Mimi, ninayening'inia kwenye baridi ya Uyole asubuhi na mapema, ndio niitwe kupe! Niliumia sana.

Nikaanza kupunguza kula. Leo nasema tumbo linauma, kesho nasema nimeshakula kazini. Hilo la pili ndilo lililoniponza. Kwetu mwanamume mwenye mke akirudi nyumbani ameshiba, hakuna anayeuliza amekula nini. Wanauliza amepikiwa na nani.

Siku ya nne mke wangu akaniuliza taratibu, "Na huyo anayekupikia, ananishinda kwa nini?"

"Acha mambo yako," nikamjibu. Jibu gani hilo! Tangu hapo akawa hasemi nami, ila kila jioni ananijazia sahani kuliko jana. Njaa inanikata, harufu ya nyama iko puani, nami nasukuma chakula pembeni. Nilimchukia kila mtu niliyemwona anatafuna.

Nilipoanza kukonda ndipo mambo yakaharibika kabisa. Shangazi yake, yule aliyemfunda kabla ya harusi, akashuka kwenye basi kutoka Iringa na kuku mkononi. "Kamwene," akasalimu, na hata hajakaa akasema, "Mkwe, mtoto wetu amekukosea nini hata unakula kwa watu?"

"Shangazi, ni mkanda. Mkanda wa kazini haufungi."

Akaniangalia kwa huruma. "Wanaume nimewasikia wakisingizia mengi, mkwe wangu. Mkanda, huo ndio mpya."

Mke wangu alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake. Kesho angeondoka na shangazi. Nikapandwa na hasira, nikapiga meza, nikawaambia, "Kesho ni mwisho wa mwezi, napimwa ule mkanda kazini. Kabla ya kupanda hilo basi lenu, njooni mjionee kwa macho yenu!"

Wakaja wamejitanda khanga, wamenuna. Nikavuta pumzi, nikaingiza tumbo ndani, mkanda ukafunga tundu la mwisho. Nikapanda. Nguzo ilikuwa na umande, na kabla ya kufika juu miguu yote miwili ikateleza. Nikasikia mtu akipiga yowe. Nikabaki nimening'inia kwenye mkanda tu, kama mbuzi aliyetundikwa buchani. Nikatafuta pa kukanyaga, nikamalizia, nikashuka.

"Haya, stoo umeikwepa," msimamizi akasema.

Nikamwendea mke wangu mdomo umejaa maneno. Umeona? Yuko wapi huyo mwanamke wenu? Nilitaka aniombe msamaha hapo hapo, mbele ya shangazi yake. Nikamkuta amekaa chini kwenye majani mabichi, mikono kichwani.

"Kwa hiyo muda wote ule," akasema, "nilikuwa nakupikia uanguke."

Nikaufungua mkanda, nikakaa chini kando yake. Shangazi akaondoka peke yake. Jioni mke wangu akanipakulia wali kijiko kimoja, akaenda kukaa jikoni, hakutaka kunitazama nikila. Nikamfuata na sahani, nikamwomba aniongeze. Akakataa, akaifunika sufuria kwa mikono yote miwili.