Salamu Zilizokula Mega

Ilikuwa saa kumi kasorobo, na Mwalimu Yudita alikuwa hajafundisha hata herufi moja. Simu ya shirika ilikuwa imeegemezwa kwenye dumu la mawese, yeye amekaa mbele yake na ubao mdogo mapajani, chaki imeanza kulowa jasho mkononi. Darasa lake la simu lilifunguliwa saa tisa kamili. Tangu saa tisa kamili watu walikuwa wanasalimiana.

"Amahoro, Bibi Kezia?"

"Amahoro, Fabiola. Watoto?"

"Iko wazima. Na muguu yako?"

"Unapona, murakoze. Na ndagala?"

"Zilikuja kidogo tu, na jua nayo inakatala."

Hapo akaingia Generoza kutoka Kizuka, wa saba, akaanza upya: mmoja mmoja, kwa jina, na habari za kila nyumba. Mguu wa Bibi Kezia ukaulizwa tena, ukajibu tena. Alipoingia wa tisa na mguu ukaulizwa mara ya tatu, sauti zikakatika. Mega za intaneti zimekwisha. Wanafunzi kumi na wawili, mega za saa nzima, somo hakuna.

"Mguu!" Yudita aliuambia ubao. "Shirika linaninunulia mega ili nijue habari za mguu!"

Ni mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwembamba, anatembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alizaliwa Tanzania, wazazi wake walikokimbilia, akasoma huko mpaka darasa la saba, akarudi Rumonge, Burundi, akiwa mtu mzima, na watoto watatu na Kirundi cha kuchekwa sokoni. Mwaka ule waliorudi, jirani mmoja alimletea mama yake karatasi, akamwambia ni ya kuwakaribisha nyumbani. Mama akachovya kidole kwenye wino, akabonyeza. Yudita alikuwa sokoni. Aliporudi akaisoma ile karatasi akiwa amesimama, kikapu bado kichwani: nusu ya michikichi ya babu ilikuwa imeshakwenda. Mpaka leo akimwona mtu mzima anachovya kidole kwenye wino, anaiomba karatasi aisome kwanza.

Ndiyo maana shirika lilipotafuta mtu wa kufundisha wanawake kusoma na kuandika kwa simu, hakungoja kuitwa mara mbili. Wanafunzi wako Gatete, wako Kizuka, wako mjini. Huyu anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, yule anakamua mawese, hakuna wa kuacha kazi aende kukaa kwenye dawati. Josias, msimamizi, kijana wa Bujumbura mwenye miwani safi, alimuuliza diploma yake.

"Nina darasa la saba," Yudita alijibu. "La wakati ule wa fimbo."

Jioni ya siku ile ya mguu, Josias alipiga simu.

"Mama Yudita, nimesoma ripoti, pamoja na habari za mguu. Wiki sita, na wanajua herufi nne."

"Tatu. Ya nne wanaibahatisha."

"Mwongozo niliokutumia uliusoma?"

Aliusoma. Kurasa thelathini. Ukurasa wa pili ulisema mwalimu awashe kamera na atabasamu. Aliwasha, akatabasamu, Fabiola akauliza kama jino linamuuma.

"Basi mwisho wa mwezi nitaingia mwenyewe kwenye grupu," Josias alisema. "Wanafunzi wanane kati ya kumi na wawili, kila mmoja aandike sentensi yake mwenyewe, si ya kunakili. Wasipoweza tunafunga darasa, na simu inakwenda komine nyingine, nje ya Rumonge."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu, Mama."

Alhamisi Yudita alifungua darasa kwa amri: hakuna kusalimiana, kila anayeingia akae kimya, tuanze. Wakaingia watatu. Wawili wakatoka. Aliyebaki alikuwa Fabiola, na alibaki ili aseme neno.

"Mwalimu, sasa kusalimia iko zambi?"

"Si dhambi. Ni mega."

"Bibi Kezia amekasirika. Anasema umekuwa muzungu."

Yudita alifunga simu, akapanda pikipiki mpaka Gatete. Aliwakuta sita kwenye vichanja vya kuanikia, wanageuza ndagala, na Bibi Kezia juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wake maarufu umenyooshwa mbele. Bibi huyu ana miaka sitini na mitatu, na ulimi wake hauna hata thelathini.

"Amahoro, Bibi," Yudita alianza.

"Ah! Huku zinaruhusiwa?"

Wenzake wakacheka, nyuso zimeinamia samaki.

"Bibi, wanataka kutufungia darasa. Mega zinakwisha kabla sijaandika a."

"Mimi niingie mahali penye watu, nikae bila kusema amahoro? Watasema nina kitu nao moyoni. Huyu Generoza nisipomuita jina lake, kesho hatanunua kwangu hata ndagala moja."

"Kweli kabisa," alisema Generoza, aliyekuwa amekuja kununua ndagala, na alisema kwa uso wa mtu ambaye asingenunua.

"Mtanifukuzisha kazi kwa sababu ya habari za mguu!"

"Mguu wangu umekukosea nini?"

Hapo Yudita alishindwa. Njiani alikuwa amejiapiza kusema kwa upole, na upole ulikwisha kama mega. "Haya!" alipiga kelele, hata mbwa aliyekuwa anavizia ndagala akaondoka. "Salimianeni! Salimianeni mpaka jua lizame! Lakini kwa kuandika! Kwenye grupu langu hakuna salamu ya mdomo tena. Anayempenda mwenzake amwandikie jina. Asiyejua, ajifunze au anune!"

Akageuka, akapanda pikipiki. Njia nzima alijitukana. Alikwenda kubembeleza, amegomba.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Yudita si mtu wa kurudisha neno. Aliandika majina kumi na mawili ubaoni, na kando ya kila moja akachora alama ili mwenyewe ajitambue: samaki kwa Fabiola, dumu kwa Generoza, na kwa Bibi Kezia mguu, kwa makusudi. Akapiga picha, akaituma. Kisha akarekodi kila jina peke yake, polepole, herufi baada ya herufi, sauti fupi ambayo mtu anaweza kuisikiliza mara ishirini akigeuza ndagala. Mega zake hazifiki hata za salamu moja.

Siku ya kwanza walijaribu ujanja. Fabiola alituma picha za viganja viwili vilivyounganishwa, kumi na mbili, moja kwa kila mtu. Yudita akazifuta. Mwingine akatuma Kifaransa kirefu chenye nukta na mikato yote. Yudita akamjibu: "Mwambie mwanao mimi simfundishi yeye." Siku tatu zilizofuata grupu lilikuwa kimya kama kaburi, naye akaanza kuifuta simu vumbi ili akiirudisha asionekane mchafu.

Siku ya tano, kabla ya mawese kuchemka, simu ililia. Maandishi, kutoka kwa Bibi Kezia: "amhoro fabiola". Baada ya muda, kwa Bora wa mjini: "amahoro bora". Halafu jingine, halafu jingine. Majina kumi. Yudita alihesabu mara mbili.

Mchana akapigiwa na Generoza, amekasirika. "Bibi ameniruka! Amesalimia wote, mimi ameniruka!"

"Jina lako ni refu, huenda amechoka."

"Amechoka? Mimi nitamuandikia. Nionyeshe namna ya kuandika 'kwa nini'."

Yudita akamwonyesha. Alimwonyesha pia "mguu", bila kuombwa.

Kuanzia hapo hakuwa na raha. Asubuhi salamu, mchana malalamiko ya walioachwa, jioni majibu ya malalamiko. Walimwita katikati ya kukamua, katikati ya kula, wakati wa ibada. "Mwalimu, 'ndagala' inaanza na nini?" "Mwalimu, 'uongo' iko na o ngapi?" Aliwajibu wote kwa ukali, na wote waliuliza tena.

Mwisho wa mwezi, saa tisa kamili, Josias aliingia kwenye grupu. Hakufuata hata huo mwongozo wake wa kutabasamu. Aliandika: "Tuanze mtihani. Kila mmoja aandike sentensi moja."

Grupu likakaa kimya. Dakika mbili. Dakika tano. Yudita, mbele ya dumu lake, alishika kichwa kwa mikono miwili. Wameogopa. Kwisha. Simu inakwenda.

Kisha maandishi ya Bibi Kezia yakatokea: "wewe ni nani hujasalimia".

Fabiola akafuata: "huyu kijana hana adabu". Generoza: "mama yake hakumfunza". Wa nne akataka kujua kama ana mke. Wa tano alisema hapana, ndiyo maana. Yudita alipofika wa tisa aliacha kuhesabu, akajifunika uso kwa kitenge, kwa sababu hakujua kama anacheka au anaona aibu.

Hatimaye maandishi ya Josias yakaanza kuja, moja moja: "Amahoro Bibi Kezia." "Amahoro Fabiola." Kumi na mawili yote, na mguu akauuliza.

Darasa halikufungwa. Jioni Josias alituma fomu ya kujaza ili walimu wa komine nyingine wajifunze. Penye "Jina la mwalimu" Yudita aliandika jina. Penye "Mbinu iliyotumika" palikuwa na mistari kumi mitupu. Aliitazama, simu ikilia mfululizo mkononi, Generoza na Bibi Kezia wamegombana tena, kwa maandishi.

Akaandika: "Hasira." Akairudisha.